Betri Ndogo ya Gari la Bondeni

Nimekabidhi ufunguo wa gereji, na kilichobaki kwangu ni miwani na maumivu ya kiuno. Ninyi mnaoendelea na kazi pale Tunduma mmeniomba niandike mambo niliyoyapitia, nami nimekubali kwa sababu moja: kila mkikaa kunywa chai mnasimulia habari za gari la bondeni, na kila mara mnazisimulia vibaya. Juzi nimesikia kwamba gari lile liliongea. Halikuongea. Nilikuwepo. Yaliyotokea nitayaeleza kama yalivyokuwa, na pale nisipoelewa nitasema sielewi.

Nilianza kazi katikati ya miaka ya themanini, biashara ilipofunguliwa na malori yakaanza kujazana mpakani. Mwalimu wangu alikuwa mzee Siame, Mnamwanga aliyekaa miaka mingi kwenye gereji ya mgodi upande wa Zambia. Kiswahili chake kilikuwa na Kibemba ndani, na hakumaliza sentensi bila "mukwai", neno lao la heshima. Siku yangu ya kwanza alinipa balbu moja yenye nyaya mbili, akanionyesha rundo la betri mbovu nyuma ya banda, akaniambia nizipime zote. Nilifikiri kuna nzima imejificha humo. Hakukuwa na nzima hata moja. Jioni kitenge changu kilikuwa kimetobolewa na tindikali kama chekecheo.

"Kesho uje na nguo usiyoipenda, mukwai," akasema. Hayo ndiyo yalikuwa mahojiano yangu ya kazi.

Watu walikuja kunichungulia. Mwanamke chini ya boneti lilikuwa jambo la kutazamwa kwa miaka kama miwili hivi, halafu wakazoea, wakaniita Mama Betri, wakaanza kulalamika ninachelewesha kazi kama wanavyomlalamikia fundi yeyote. Mzee Siame alinifundisha kutambua kwa harufu betri iliyochemka, kushika waya kwa vidole viwili na kujua kama ndani umekatika, na kumhoji dereva kabla ya kugusa gari. Alisema dereva huwa ameshaona ugonjwa, ila hajui kwamba alichokiona ni ugonjwa. Wakati ule malori yalikuwa na nyaya chache, unazihesabu kama vidole. Baadaye yakaja magari madogo yaliyotumika ng'ambo, kisha magari yenye kompyuta, na mzee Siame akafariki akiwa hajakubali kwamba gari linahitaji kompyuta. Aliniachia mita yake ya kupimia, yenye mshale.

Sasa nije kwenye gari lenyewe. Tulikuwa bado Mkoa wa Mbeya, Songwe haijakatwa kuwa mkoa. Ulikuwa msimu wa baridi, ule ambao ukungu wa Mbozi hukaa barabarani mpaka saa nne asubuhi. Gari liliingia gereji likivutwa na lori la mahindi. Lilikuwa gari la porini, refu, jeusi, la kifahari kupita kiasi, lililotolewa msaada na watu wa nje kwa kituo cha afya kimoja bondeni Momba. Lingefaa kubeba bibi harusi. Huko bondeni lilibeba wajawazito, chanjo, na wakati mwingine maiti.

Walishuka watu wawili. Mmoja alikuwa Sista Edina, muuguzi mfawidhi wa kituo, mwanamke mfupi anayetembea kama mtu aliyechelewa. Wa pili alikuwa dereva, Rashidi, mtu mzima wa miaka arobaini hivi, ambaye wazazi wake walihamia bondeni kulima mpunga. Hakusogea karibu na gari. Alisimama kule kwenye matairi.

"Shikamoo, mama fundi."

"Marahaba. Lina nini?"

Akamtazama sista kwanza. Kisha akasema, "Lina mtu."

"Rashidi," sista akasema, "mweleze fundi mambo ya gari."

"Ndiyo ninayomweleza, sista."

Nikawaletea mabenchi, nikamwambia aanze mwanzo. Kumbe Rashidi alikuwa na gari lile miezi mitatu tu. Dereva wa kwanza aliitwa Yohana Nzowa, mtu wa Hasamba, mrefu sana, mpole, asiyependa mtu mwingine aguse usukani wake. Yohana aliugua ghafla. Gari likakaa bila kuendeshwa wiki tatu nzima alipokuwa kitandani, akafia kwao, akazikwa. Rashidi akapewa ufunguo.

Safari ya kwanza alimpeleka mgonjwa hospitali ya Vwawa kwa njia ya mkato inayopita Hasamba. Pale njia ile inapoingia lami lazima usimame upishe malori. Alisimama. Injini ikazima. Haikukohoa, haikutetemeka, ilinyamaza tu kama mtu aliyemaliza kusema. Alipoinua mguu kwenye breki ili ashuke, ikawaka yenyewe. Hakuwa amegusa ufunguo.

"Nikasema labda ni mimi sijalizoea," Rashidi akaendelea. "Safari ya pili, mahali palepale, likazima tena. Safari hiyo na dirisha la abiria likashuka lenyewe mpaka chini. Na nje ya dirisha, mama fundi, alikuwa amesimama bibi mmoja. Mkono ameuweka juu ya mlango. Anaongea."

"Bibi gani?"

"Mama yake Yohana. Nyumba yao iko palepale njia panda. Zamani Yohana akipita lazima asimame amsalimie. Sasa gari linasimama lenyewe."

Nilimuuliza kama linazima hapo tu. Akasema hapana, lilianza kuzima na mahali pengine, hata kwenye foleni ya malori kuingia Tunduma linazima na kuwaka, linazima na kuwaka, mpaka mikono yake ikafa ganzi. Halafu mambo yakazidi. Likiwa limeegeshwa uwanjani kwa kituo, saa sita mchana, hakuna mtu ndani, lilipiga honi na kuwasha taa zote. Vioo vya pembeni vilijikunja vyenyewe kama masikio ya punda. Wagonjwa waliokuwa kwenye foleni ya dawa wakakimbia, hata mmoja aliyeletwa kwa machela.

"Huyo nilimfurahia," sista akasema, ila hakucheka. Akainama mbele. "Fundi, nikwambie kilichonileta. Mwezi uliopita mke wa mfugaji mmoja alishikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya. Nikamwambia tupande gari twende Vwawa. Akasema heri afie kwake kuliko kubebwa na marehemu. Wakampakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Mama tulimpata. Mtoto hakufika. Na nina mwingine sasa, Nyamizi, siku zake zimekaribia, na mtoto wake pia hajageuka. Mama mkwe wake ameshaniambia, lile gari hapandi mtu wa kwake."

Akageuka akalitazama gari. Kisha sista akasema, "Sihitaji liwake tu. Nahitaji lipandwe."

Mchana ule walikwenda kutafuta chakula, mimi nikabaki na gari. Nililiunganisha na betri yangu ya gereji ili lipate umeme, taa za dashibodi zikaja zote kwa pamoja, nyekundu na njano, mishale ikapanda mpaka mwisho na kuanguka. Nikatoa ufunguo, nikautia mfukoni mwa aproni, nikafunga mlango, nikazunguka mbele kufungua boneti. Ndipo niliposikia sauti ndani, mnong'ono mwembamba kama wa cherehani.

Nilitazama kupitia kioo. Kiti cha dereva kilikuwa kinarudi nyuma. Taratibu, bila haraka. Kilirudi mpaka mwisho, mgongo wa kiti ukalala kidogo, halafu usukani ukajiinua. Rashidi ni mfupi, kiti chake kilikuwa karibu kugusa pedali. Sasa kilikuwa kimekaa kwa ajili ya mtu mwenye miguu mirefu. Kisha kikatulia, na vioo vya pembeni vikafunguka, kimoja kimoja, vikageuka juu kidogo kwa macho ya mtu mrefu.

Nawaambia ukweli: nilirudi nyuma hadi nikagonga mgongo kwenye pipa la mafuta machafu. Jua lilikuwa utosini, redio ya muuza vocha inaimba, malori yananguruma barabarani, nami nimesimama pale nimeshika ufunguo ndani ya mfuko kwa mikono miwili. Nilikuwa nimefanya kazi hiyo karibu miaka thelathini. Nilitaka kwenda nyumbani.

Sikwenda. Nilikaa juu ya pipa nikakitazama kile kiti. Nilipokitazama sana niliona kwenye mlango wa dereva vitufe vidogo vyenye namba moja na mbili. Nikakumbuka magari ya wakubwa niliyowahi kuyaona yakivuka kwenda Zambia: kiti huhifadhi kumbukumbu ya dereva. Namba moja alikuwa Yohana. Kompyuta ikipoteza umeme na kuupata tena, inaanza upya kama mtu aliyezinduka, na inapanga kiti kwa yule inayemkumbuka wa kwanza. Maelezo hayo yalinitosha kichwani. Ufunguo hata hivyo niliendelea kuushika.

Rashidi aliporudi nilimuuliza swali moja. "Wewe ulishawahi kupanda na Yohana?"

"Mara tatu, nne."

"Akishawasha gari, alikuwa anafanya nini kabla ya kuondoka?"

Akafikiri. "Anafunga mkanda. Anabonyeza hapa." Akanyoosha kidole bila kugusa, akionyesha kitufe kwenye dashibodi chenye herufi A iliyozungukwa na mshale. "Kila mara. Nilidhani ni taa ya ndani."

Basi hapo ndipo nilipoushika ugonjwa. Magari ya namna ile yametengenezwa kuokoa mafuta: ukisimama na kukanyaga breki, injini inajizima, ukiinua mguu, inajiwasha. Kitufe kile kinaukataza mfumo huo, lakini ukizima gari na kuwasha tena, mfumo unarudi, lazima ubonyeze upya. Yohana alikibonyeza kila asubuhi ya Mungu, na hakumwambia mtu. Alipokufa, hakuna aliyebaki wa kubonyeza. Gari halikubadilika, lilianza tu kufanya kile alichokuwa akilizuia.

Na ili redio, taa na kompyuta zisife wakati starta inapovuta umeme mwingi, gari lile lina betri ya pili, ndogo. Nilihangaika nusu saa kuitafuta. Ilikuwa imefichwa upande wa abiria, chini ya sanduku la fyuzi, mahali ambapo hata ukifungua boneti huioni mpaka ung'oe sanduku lenyewe. Ukubwa wake kama Biblia. Nilipoipima, mshale wa mita ya mzee Siame ulijivuta mpaka volti tisa ukachoka hapo. Betri kubwa ilikuwa nzima. Ndogo ilikuwa imekufa: joto la bondeni, matuta, zile wiki tatu za kukaa bila kuchajiwa, na foleni ya Tunduma ambayo huizimisha na kuiwasha injini mara mia kwa asubuhi moja. Umeme wake ukiyumba, kengele ya wezi inalia, vioo vinakunjwa, dirisha linashuka. Na asubuhi ile lilipogoma kabisa likaletwa kwa kuvutwa, ni kwa sababu kompyuta huikagua betri ndogo kwanza. Ikiikuta imekufa, hairuhusu starta hata kama betri kubwa imejaa.

Betri mpya ya aina ile haikuwepo Tunduma. Nilipiga simu Mlowo, nikapiga Mbeya mjini, mtu mmoja akanicheka. Ya kuagiza Dar es Salaam ingechukua wiki nyingi, na Nyamizi hakuwa na wiki nyingi. Nikaamua kuiruka.

Jaribio la kwanza nililikosea, liandikeni. Niliing'oa tu ile ndogo nikadhani nimemaliza. Gari halikuwaka hata taa, maana kompyuta ilikuwa inaitafuta betri yake na haioni kitu. Kwa hiyo asubuhi iliyofuata nilichukua waya mnene, nikautoa kwenye betri kubwa, nikaupitisha kwenye fyuzi yake yenyewe, nikaufunga pale ulipokuwa unaingia umeme wa ile ndogo. Kompyuta ikichungulia inakuta volti kumi na mbili na nusu, inaridhika, haijui zimetoka wapi. Nyaya zilizobaki wazi nilizivika mpira na kuzifunga kwa utepe mara tatu, kwa sababu waya ulio uchi chini ya boneti ni moto unaosubiri barabara mbaya. Kisha nikaunyima umeme mfumo wa kujizima, na nikafuta kumbukumbu ya kiti namba moja. Hiyo ya mwisho niliifanya haraka haraka, na nilimwomba Yohana radhi kwa sauti ndogo. Sijui kwa nini. Nilikuwa nimeshajieleza kila kitu.

Rashidi akaliwasha. Tulisimama, tukaondoka, tukasimama. Injini ikaendelea kunguruma. Akaniangalia kama mtu aliyesamehewa.

Sista akasema, "Sasa utakuja nasi. Wakikusikia wewe wataamini. Mimi wamenizoea."

Tulishuka bondeni siku ileile, tukalala kituoni. Betri mbovu nilikuwa nimeitia ndani ya kikapu. Alfajiri tuliamshwa: Nyamizi ameanza uchungu. Tulipofika kwao kulikuwa kumepambazuka, ng'ombe wamesimama zizini wanatoa mvuke, na mkokoteni ulikuwa tayari umefungwa. Mama mkwe, mwanamke mrefu aliyejifunga mgolole, alisimama kati yetu na mlango.

"Tuliambiwa limetengenezwa hata mwezi uliopita," akasema.

Sikubishana naye. Nilitoa betri nikaiweka chini miguuni pake, nikafungua boneti, nikamwonyesha shimo ilimotoka. "Mama, kilichokuwa kinafanya yale ni hiki. Kilikuwa kimejificha humu ndani, kimekufa, na kilikuwa kinalivuruga gari lote. Nimekitoa. Kiguse."

Aliinama, akakigusa kwa ncha ya kidole. "Kizito."

"Ni madini ya risasi."

"Na yule aliyekufa yuko wapi?"

"Yuko Hasamba kaburini. Humu hayumo."

Nilisema hivyo bila kupepesa macho. Ndani Nyamizi akapiga kelele. Mama mkwe akanitazama, akasema, "Basi wewe utakaa pale mbele, kando ya dereva. Likifanya lolote, lianze na wewe." Wakampakia.

Tulipanda mlima tukakutana na ukungu. Mwanzoni ulikuwa kama moshi wa jikoni, halafu ukafunga kabisa, Rashidi akawa anaendesha kwa kutazama ukingo wa barabara tu. Nyuma, sista alikuwa akimwambia Nyamizi apumue. Tulipokaribia njia panda ya Hasamba tulianza kuyasikia malori ya lami kabla ya kuyaona. Rashidi akasimama. Mikono yake ilikuwa imeshika usukani kama anauzuia usiruke.

Injini haikuzima.

Bibi alikuwepo. Alitoka kwenye ukungu upande wangu, mwembamba, na blanketi begani, akasimama karibu na dirisha. Lilikuwa limefungwa. Hakunitazama mimi. Alitazama kiti cha dereva, kisha akaweka kiganja juu ya boneti na kuinamisha kichwa, kama mtu anayesubiri kelele ziishe ili asikie neno. Kelele hazikuisha. Nilitazama ule mkono ukitetemeka pamoja na injini niliyoitengeneza mwenyewe. Sijawahi kuionea aibu kazi yangu isipokuwa siku ile.

"Rashidi, nenda!" sista akapaza sauti. Lami ilikuwa imefunguka. Bibi akaondoa mkono, akarudi nyuma hatua moja, na ukungu ukamchukua. Nyamizi alijifungua hospitali, kwa kisu, mtoto wa kike, wote wazima. Mama mkwe alinishika mikono miwili.

Niliporudi Tunduma sikuweza kufanya kazi. Siku ya pili nilipanda basi mpaka karibu na Hasamba, nikatembea. Nilidhani ni haki bibi yule aelezwe. Nilimkuta anaanika kahawa uani, akanikaribisha, akanipa kigoda, akaendelea kuchambua punje.

"Mama," nikaanza, "mimi ni fundi wa lile gari alilokuwa akiendesha marehemu Yohana. Nimekuja kukueleza kwa nini halisimami tena pale."

"Ni kale kabetri," akasema.

Nikasogeza kigoda karibu naye.

"Kadogo, kako upande wa abiria, chini ya sanduku la fyuzi. Kamekufa ukakatoa. Najua." Aliongea Kiswahili cha polepole, chenye mwendo wa Kinyiha. "Yohana aliniambia kamechoka, na watu wataliogopa gari. Akasema, watalipeleka kwa mama mmoja Tunduma, akishalishika halitanyamaza tena hapa, kwa hiyo mama usije ukakaa kwenye baridi bure."

Nikafikiri, basi, mwanawe alimweleza alipokuwa mgonjwa, mtu mwangalifu, alijua. Nilishusha pumzi. "Alikuambia kabla hajazidiwa?"

"Hapana. Siku ile gari liliponyamaza mara ya pili. Dirisha likashuka, tukaongea vizuri tu, ila alikuwa na haraka, alikuwa na mgonjwa." Akapuliza maganda kwenye ungo. "Juzi sikuja kumngoja. Nilikuja kumuaga."

Sikuuliza zaidi. Nilikunywa chai aliyonipa, nikamsaidia kuchambua kahawa mpaka jua likageuka, nikaaga. Barabarani nilijaribu kupanga mambo kama ninavyopanga nyaya. Yohana hakuwahi kuja gereji kwangu. Nilimjua kwa habari zake tu baada ya kufa. Mahali betri ilipo nilikuwa sijamweleza mtu wa Hasamba. Nilimpigia simu Rashidi nikamuuliza juu ya ile safari ya pili. Akasema ndiyo, bibi alisimama dirishani anaongea, na alikuwa akinyamaza katikati, kama anasikiliza, kisha anaitikia. Alidhani anamwambia yeye. Lakini kilikuwa Kinyiha, na Rashidi hajui Kinyiha.

Baada ya miezi miwili betri mpya ilifika kutoka Dar es Salaam. Sista Edina aliileta mwenyewe gereji, imefungwa vizuri ndani ya boksi lake, akaniomba nilirudishe gari kama lilivyotengenezwa kiwandani. Watu walikuwa wameshalizoea, alisema, hata mama mkwe wa Nyamizi hulipanda kwenda sokoni akidai anaumwa.

Nilimwambia siifungi. Nikampa sababu: joto la bondeni litaiua tena kabla ya mwaka, barabara itailegeza, na foleni ya Tunduma si mahali pa gari linalojizima. Alizisikiliza zote, akakubali, akanipa mkono. Zilikuwa sababu za kweli na ningeziandika kwenye karatasi yoyote na kutia sahihi. Boksi nikaliweka juu ya rafu, na gari likaendelea kunguruma njia panda ya Hasamba kila lilipopita, miaka yote liliyofanya kazi.

Ile nyingine sikumwambia. Ni kwamba lazima ningelijaribu baada ya kufunga, na kulijaribu maana yake ni kusimama mahali, kukanyaga breki, na kungoja injini inyamaze. Nami nilishajua kwamba ikinyamaza, ningetega sikio.